George Patton, jenerali aliyeacha bastola ya kisasa akanunua revolveri ya zamani

Mwezi wa tatu mwaka wa 1916, katika mji wa El Paso, mpakani mwa Marekani na Mexico, luteni mmoja wa jeshi la farasi alipokea bastola aliyokuwa ameiagiza kwa pesa yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 30. Serikali yake ilikuwa imekwisha kumpa bastola, tena ya kisasa kuliko karibu zote za wakati ule. Ile aliyoinunua ilikuwa ya muundo wa mwaka 1873, muundo uliotangulia hata kuzaliwa kwake. Ilibeba risasi chache, ilichelewa kujazwa, na kila mara kabla ya kufyatua ilibidi kidole gumba kivute nyundo kwanza.

Luteni huyo aliitwa George Smith Patton. Miaka karibu 30 baadaye dunia ingemjua kama jenerali wa vifaru aliyewakimbiza Wajerumani kuvuka Ufaransa, na katika picha zake nyingi macho ya watu yangeenda kwanza kiunoni, kwenye mpini ule mweupe. Vitabu juu ya vita vyake ni vingi. Leo tunamfuata kwa njia ya bastola hiyo, kwa sababu inaonyesha mambo ambayo ramani za vita hazionyeshi.

Msomaji wa Goma, wa Bukavu, wa Bunia au wa Uvira anajua silaha kwa upande mwingine. Kwetu mtu hawezi kusoma habari za bastola nzuri kama anavyosoma habari za saa ya mkono. Kwa hiyo tutaiangalia hii pande zote mbili, upande wa mpini na upande wa mdomo wa mtutu.

Patton alizaliwa tarehe 11 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1885, huko California, katika nyumba ya matajiri. Babu yake, ambaye yeye alirithi jina lake, alikuwa kanali katika jeshi la majimbo ya kusini, lile lililopigana kuutetea utumwa, na aliuawa vitani mwaka wa 1864. Mtoto alikua akisikia habari za babu huyo kila siku, na akaamini kwamba mwanaume wa ukoo wao hawezi kuwa kitu kingine isipokuwa askari. Kusoma kulimshinda kwa muda mrefu. Wazazi walimsomea vitabu kwa sauti nyumbani, na alikuwa na miaka 11 hivi alipoanza shule ya kweli. Hadi uzee wake maneno aliyaandika kwa makosa. Katika chuo cha kijeshi cha West Point hesabu zilimwangusha, akarudia mwaka wa kwanza, akamaliza mwaka wa 1909. Mwaka uliofuata alimwoa Beatrice Ayer, binti wa tajiri wa viwanda wa Boston. Ndiyo maana luteni mwenye mshahara mdogo aliweza kuwa na farasi wa mchezo wa polo, na ndiyo maana aliweza kuagiza bastola ya mapambo.

Mwaka wa 1912 alikwenda Stockholm kwenye michezo ya Olimpiki, katika shindano jipya la michezo mitano: kulenga shabaha, kuogelea, kupigana kwa upanga, kupanda farasi na kukimbia. Akawa wa tano, nyuma ya Waswidi wanne. Kilichomharibia ni shabaha, ambako alikuwa wa 21. Wengi walileta bastola za risasi ndogo zinazotoboa karatasi tundu dogo. Yeye alitumia revolveri ya kijeshi yenye risasi kubwa zaidi. Waamuzi walisema risasi zake nyingine hazikugusa karatasi kabisa. Yeye alishikilia kwamba zilipita katika matundu yaliyokwisha kutobolewa. Hakuna picha ya kuamua ugomvi huo, lakini tayari tunamwona mtu wetu: anachagua silaha nzito ya vita hata kwenye mchezo, na hakubali kwamba amekosa.

Basi, revolveri haikuwa kitu kigeni mkononi mwake. Lakini jeshi lilikuwa limekwisha kuiacha. Mwaka wa 1911 Marekani ilichagua bastola ya nusu-otomatiki iliyobuniwa na John Moses Browning, fundi wa Utah. Jina Browning si geni kwa wazee wetu. Tangu mwaka wa 1897 alikuwa amefungana mkataba na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji, kiwanda ambacho silaha zake zilifika Kongo wakati wa ukoloni. Na Browning mwenyewe alifia huko Herstal mwaka wa 1926.

Bastola ya Browning ilikuwa na akili yake. Risasi saba zinapangwa ndani ya kisanduku chembamba cha chuma, kisanduku kinasukumwa ndani ya mpini, na baada ya hapo nguvu ya mlipuko wenyewe ndiyo inayorudisha chuma cha juu nyuma, kutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Zikiisha, unaangusha kisanduku na kuingiza kingine kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kwa askari aliye juu ya farasi, mkono mmoja ukiwa kwenye hatamu, hii ilikuwa maendeleo makubwa.

Patton aliivaa kwa miaka kadhaa. Kisha siku moja, wenye kuandika maisha yake wanasimulia, ililipuka yenyewe ikiwa imechomekwa kiunoni mwake. Aliponea chupuchupu. Aibu ilikuwa kubwa kuliko jeraha, kwani ofisa anayefundisha wengine silaha hawezi kujipiga risasi ndani ya suruali. Tangu hapo hakuiamini tena. Ubaya wa bastola ile, machoni pake, ulikuwa kwamba mambo yake yote yanafanyika ndani. Ukiitazama kwa nje hujui kirahisi kama risasi imelala tayari kwenye mtutu au la.

Revolveri haifichi kitu. Silinda yake yenye matundu sita iko wazi, unaiona, unaizungusha kwa kidole, unazihesabu risasi kama mtu anayehesabu mayai kikapuni. Nyundo ikiwa imelala, imelala. Ikiwa imevutwa, hata mtoto ataona. Watu wa zamani waliacha tundu moja tupu chini ya nyundo, wakatembea na risasi tano tu, ili bastola ikianguka isifyatuke. Mtu aliyekwisha kushtuliwa na mlipuko kiunoni anaelewa haraka thamani ya tundu tupu.

Hapo ndipo alipoagiza Colt ile ya mwaka 1873, ambayo Wamarekani waliipa jina la mleta amani. Jina hilo wacha lipite hivyo, kila mmoja atalipima mwenyewe. Ilikuwa ya risasi za .45, yaani milimita 11 na zaidi kidogo, na mtutu wake ulikuwa na urefu wa sentimita 12 hivi. Jeshi lilikuwa limekwisha kuiacha muundo huo zaidi ya miaka 20 nyuma. Yake ilipakwa feza, ikachorwa maua na mizunguko mwili mzima, na mpini ukatengenezwa kwa pembe ya ndovu, upande mmoja herufi za kwanza za majina yake, upande mwingine tai. Bei iliyotajwa ni dola 50. Ilitoka kiwandani Hartford, katika jimbo la Connecticut, ikamfikia El Paso kwa njia ya duka la silaha la pale mjini.

Juu ya pembe hiyo, ngoja nisimame kidogo. Baadaye, waandishi wa habari walipoandika kwamba mipini ya Patton ni ya lulu, alikasirika kweli kweli. Kwake lulu ilikuwa pambo la wahuni wanaoishi kwa jasho la wanawake wa danguro huko New Orleans; yake ilikuwa pembe ya ndovu, na alitaka iandikwe hivyo. Sasa, karibu na Hartford, ukiteremka na mto uleule wa Connecticut, kulikuwa na vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, ambavyo kwa miaka mingi vilikata sehemu kubwa ya pembe zote zilizoingia Marekani, hasa kwa ajili ya vinanda. Zilitoka Zanzibar. Na Zanzibar ilizipata kwa misafara iliyopita Ujiji na kuingia Maniema, Kasongo na Nyangwe, siku za Tippu Tip, juu ya mabega ya watu. Baadaye, Léopold alipochukua Kongo, mkondo wa pembe uligeuzwa kuelekea Antwerp. Sisemi kwamba mpini wa Patton ulitoka Maniema. Nasema tu kwamba kitu alichojivunia kuliko vyote juu ya bastola hiyo, weupe wake, kilikuwa bidhaa ambayo babu zetu waliijua kwa uzito wake mabegani, na kwamba hata lugha hii tunayoandikia ilifika Maniema kwa njia hiyohiyo.

Haikupita muda, bastola ikapata kazi. Tarehe 9 mwezi huohuo wa tatu, wapiganaji wa Pancho Villa walivuka mpaka usiku, wakaushambulia mji mdogo wa Columbus, katika jimbo la New Mexico, wakaua Wamarekani 18. Rais Wilson aliamuru jeshi liingie Mexico kumtafuta Villa, chini ya Jenerali John Pershing. Kikosi cha Patton kiliachwa nyuma. Hakukubali. Alimwendea Pershing mara kwa mara, akajitolea kwa kazi yoyote, hata ya kupokea waandishi wa habari, mpaka Pershing akamchukua kuwa msaidizi wake.

Villa hakuonekana. Wiki zilipita katika vumbi la Chihuahua, wanavijiji wakijibu kwamba hawajui. Patton aliambiwa afuatilie habari za Julio Cárdenas, mmoja wa makamanda wa Villa, ambaye familia yake ilikaa kwenye shamba la San Miguelito, karibu na Rubio. Askari walifika pale mara ya kwanza mwanzoni mwa mwezi wa tano. Walimkuta mke wa Cárdenas na mtoto mchanga, na mjomba wake. Mjomba alihojiwa. Namna alivyohojiwa, Patton mwenyewe aliiandikia familia yake bila haya: kwamba mzee yule alikuwa shujaa sana, na alikaribia kufa kabla hajasema neno. Sentensi hiyo haipatikani katika hadithi nyingi za ushujaa wa Rubio. Sisi tunajua watu wanahojiwa namna gani wakati jeshi la kigeni linamtafuta mtu mmoja katika vijiji vingi.

Tarehe 14 mwezi wa tano, Patton alitumwa kununua mahindi kwa ajili ya farasi. Alikuwa na askari 10, waongozaji wawili wa kiraia, na motokari tatu za Dodge. Walipomaliza kununua, aliamua kupita San Miguelito. Alipanga vizuri. Motokari yake ingepita kasi hadi upande wa kaskazini wa nyumba, nyingine mbili zisimame kusini, ili njia zote zifungwe kabla waliomo ndani hawajajua kitu. Ilikuwa saa sita za mchana.

Mbele ya nyumba kulikuwa na wazee watatu na kijana mmoja wakimchuna ng'ombe. Mmoja alikimbia ndani, akarudi upesi, akashika kisu tena kana kwamba hakuna kitu. Patton alitembea kuelekea lango kubwa, bunduki mkono wa kushoto, mkono wa kulia karibu na revolveri. Ghafla wapanda farasi watatu wenye silaha wakachomoka langoni. Walipomwona waligeuza farasi upande mwingine, wakakutana na askari waliokuwa wakija kutoka kusini, wakageuza tena, moja kwa moja kwake, wakifyatua. Walikuwa karibu, mita 20 hivi. Risasi moja ilirusha changarawe juu yake.

Alichomoa Colt mpya akafyatua mara tano. Alivunja mkono wa mpanda farasi wa kwanza na kumjeruhi farasi tumboni. Mtu yule akarudi ndani ya uwanja. Na hapo revolveri ikaisha risasi.

Wanaosifu bastola hiyo hawapendi kukaa juu ya nafasi hii, lakini ndiyo nafasi yenyewe. Kwa ile ya Browning aliyoikataa, angeangusha kisanduku, akaingiza kingine, akaendelea. Kwa hii aliyoipenda, ilimbidi akimbilie nyuma ya kona ya nyumba, afungue kimlango cha pembeni, asukume ganda la kwanza kwa kijiti, azungushe silinda, asukume la pili, la tatu, la nne, la tano; kisha aanze kuingiza risasi mpya, moja, nyingine, nyingine, huku risasi za adui zikigonga ukuta wa udongo juu ya kichwa chake na vumbi likimwagikia kofia. Kuziona risasi zote ni faida unapokuwa umetulia. Pale ilikuwa ni kuhesabu mayai huku nyumba inaungua.

Alimaliza kujaza. Mpanda farasi wa pili akapita mbele yake kwa kasi. Patton alikumbuka shauri la mzee mmoja mlinda sheria wa Texas, aliyemfundisha kwamba mtu anayekimbia juu ya farasi unampiga farasi kwanza. Akampiga farasi, akaanguka juu ya bwana wake. Patton alingoja mpaka mtu yule akajitoa chini ya mnyama, akasimama na bastola mkononi. Ndipo yeye na wengine wakamfyatulia. Wa tatu alikuwa amefika mbali kidogo, bunduki kadhaa zikamshusha. Yule wa kwanza, mwenye mkono uliovunjika, alitoka kwa mguu kando ya ukuta. Alipofikiwa aliinua mkono kama anayejisalimisha, kisha akafyatua, akakosa, na mwongozaji mmoja wa Wamarekani akamuua. Alikuwa ndiye Julio Cárdenas.

Muda wote huo wale waliomchuna ng'ombe hawakuacha kazi. Sijui picha ya vita iliyo ya kweli kuliko hiyo. Patton aliwashika baadaye, akawatanguliza mbele ya askari wake walipoipekua nyumba, ili aliyejificha ndani asithubutu kufyatua. Ndani walikuta wanawake: mama wa Cárdenas, mke wake, na yule mtoto mchanga.

Miili mitatu ilifungwa kwa kamba juu ya pua za motokari, kila motokari mwili mmoja, kama wawindaji wanavyobeba paa. Kwa mbali walionekana wapanda farasi wengine wa Villa wakija. Wamarekani wakaondoka kasi. Ndivyo walivyoingia kambini kwa Pershing, mchana wa jua kali. Pershing alifurahi, akaanza kumwita Patton kwa utani jambazi wake. Magazeti ya Marekani, yaliyokuwa na njaa ya ushindi wowote katika safari ile isiyompata Villa, yalimfanya shujaa kwa siku kadhaa. Watu waliandika pia kwamba ilikuwa mara ya kwanza jeshi la Marekani kushambulia kwa motokari, na huenda hapo ndipo mtu wa farasi alipoanza kugeuka mtu wa vifaru.

Kwa mke wake aliandika kwamba alishangazwa na bahati yake, kama siku ile alipomvua samaki mkubwa wa baharini. Kisha alichonga alama mbili kwenye pembe ya ndovu, kwa ajili ya watu wawili aliojihesabia. Zipo hadi leo.

Alijifunza jambo lingine, la ufundi tu: revolveri moja haitoshi. Kurudi kwa Browning hakukumwingia kichwani. Aliamua kubeba mbili. Hiyo ndiyo tabia yake kwa kifupi. Kosa la kitu alichokipenda alilitibu kwa kuongeza kitu kilekile. Lakini ya pili ilichelewa. Mwaka wa 1918 alipigana Ufaransa kama kamanda wa vifaru, akapigwa risasi ya paja tarehe 26 mwezi wa tisa, akavutwa ndani ya shimo na askari aliyemhudumia, akapona. Kisha ikaja miaka mirefu ya amani, ambayo kwake ilikuwa ugonjwa: polo, mashua, farasi, pombe, kusoma historia, kungoja. Mwaka wa 1935, akiwa Hawaii, alinunua Smith & Wesson ya risasi za .357, aina mpya iliyokuwa na nguvu kuliko bastola zote za dukani wakati ule. Nayo akaiwekea mpini wa pembe. Hii silinda yake inafunguka kando, maganda yote yanasukumwa mara moja. Yaani shida ya Rubio ilikuwa imekwisha kupata dawa. Ile ya zamani ilikuwa ya kumbukumbu na ya kuonekana. Hii ndiyo aliyoihesabu kama silaha ya kuua.

Vita kuu ya pili ilipomfikia, bastola ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya sare. Patton aliamini kwamba askari lazima wamwone kamanda wao na wamtambue kwa mbali, hivyo alijivalisha kofia ya chuma inayong'aa, buti za kupandia farasi, nyota kila mahali, na mkanda wenye mpini mweupe. Alijizoeza hata uso wa ukali mbele ya kioo. Wengine walicheka. Wengi walioongozwa naye walijivunia.

Asubuhi ya tarehe 8 mwezi wa kumi na moja 1942, mbele ya pwani ya Morocco, mizigo yake ilikuwa imekwisha kupakiwa katika mashua ya kumpeleka nchi kavu. Alikumbuka bastola, akamtuma sajenti George Meeks, Mmarekani mweusi aliyemhudumia kwa miaka mingi, akazilete. Punde si punde meli yao ilianza kufyatua mizinga juu ya manowari za Wafaransa wa Vichy, na mtikisiko wa mlipuko ukaivunja mashua ile. Kila kitu kilizama isipokuwa bastola. Mtu aliyeamini kwamba aliwahi kuishi maisha mengine ya zamani kama askari wa Roma na wa Napoleon hawezi kuona tukio kama hilo ni bahati tu.

Kisha Sisilia. Mwezi wa nane 1943, Patton alikuwa amewashinda wote mbio hadi Messina, au alikaribia. Tarehe 3 alimpiga kofi askari mmoja hospitalini ambaye hakuwa na jeraha la kuonekana. Mtu huyo, ikajulikana baadaye, alikuwa na malaria. Tarehe 10, katika hospitali nyingine, alimkuta kijana wa mizinga akitetemeka, aliyesema kwamba neva zake zimekwisha. Patton alimtukana, akamwita mwoga, akachomoa bastola na kuitikisa mbele ya uso wake, akisema ingefaa amuue mwenyewe. Akampiga. Madaktari wakaingia kati.

Kijana huyo alikuwa ameomba abaki mstari wa mbele. Madaktari ndio waliomwondoa kwa nguvu. Leo, katika hospitali zetu za Kivu na Ituri, watu wengi wanajua mtetemeko huo ni nini, nao si uoga. Mwaka ule jenerali wengi hawakujua, lakini jenerali wengi hawakuchomoa bastola juu ya mgonjwa. Eisenhower alimwandikia barua kali na kumlazimisha aombe msamaha mbele ya vikosi vyake. Habari ilipotoka redioni na magazetini mwishoni mwa mwaka, watu walitaka afukuzwe. Hakufukuzwa, ila alikaa miezi bila jeshi, na kamandi ya nchi kavu ya Wamarekani kwa ajili ya kuingia Ufaransa ikapewa Omar Bradley, aliyekuwa chini yake Sisilia. Wajerumani hawakusadiki kwamba kofi linaweza kumkalisha benchi jenerali kama yule, na Washirika wakatumia hilo: wakamweka Uingereza kama kamanda wa jeshi ambalo halikuwapo, ili Hitler angoje shambulio mahali pasipo.

Yaliyofuata yanajulikana na nitayapita haraka. Jeshi lake la Tatu liliingia kazini tarehe 1 mwezi wa nane 1944, likavuka Ufaransa kwa wiki chache. Mwezi wa kumi na mbili likageuka kwenye theluji na kufungua njia ya Bastogne, Ubelgiji, tarehe 26. Mwezi wa tatu 1945 likavuka mto Rhine. Chini yake walipigana pia Wamarekani weusi wa kikosi cha vifaru cha 761, ambao aliwakaribisha hadharani huku katika maandishi yake ya siri akiandika maneno mabaya juu ya watu weusi, kama alivyoandika baadaye juu ya Wayahudi waliotoka kambi za mauti. Maneno hayo yalichapishwa na yapo.

Katika miaka hiyo ya mwisho, mkanda mzito ulimchosha mara nyingine. Picha kadhaa zinamwonyesha na bastola ndogo ya Colt, ya .380, yenye nyota zake kwenye mpini. Ni ya nusu-otomatiki, na muundo wake ulitoka kwa Browning. Miaka karibu 30 baada ya El Paso, alikuwa amerudi kimyakimya kwa fundi aliyemkimbia.

Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1945, vita vikiwa vimekwisha, alitoka asubuhi kwenda kuwinda ndege karibu na Mannheim. Lori likakata njia mbele ya motokari yake. Waliokuwa naye hawakuumia sana. Yeye shingo ilivunjika. Alikaa hospitalini Heidelberg siku 12, mke wake pembeni, akafa usingizini tarehe 21, akiwa na miaka 60. Alizikwa Hamm, Luxembourg, kati ya askari wa jeshi lake.

Revolveri ya El Paso iliwekwa katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake huko Fort Knox, Kentucky, pamoja na ile Smith & Wesson. Feza yake imechakaa. Pembe imegeuka rangi ya maziwa ya zamani, na ukiinama karibu na kioo unaziona zile alama mbili.